Sekunde Chache za Ukimya

Sauti masikioni inakuuliza kwa lugha unayoielewa: umemkanyaga mtu mguu ndani ya basi huko Berlin, utamwambiaje? Kisha inanyamaza. Kwa sekunde nne au tano hakuna kinachosikika. Katika muda huo akili inapekua, ulimi unatafuta pa kuanzia, neno ulilolisikia robo saa iliyopita linarudi nusunusu, mkia bila kichwa, na hatimaye mdomo unafunguka na kitu kinatoka, kiwe sawa, kiwe kombo. Ndipo sauti inarejea na jibu: Entschuldigung. Abiria aliyekaa jirani yako kwenye daladala atadhani unaongea peke yako. Hoja ya makala hii ni kwamba somo lenyewe limo katika zile sekunde za ukimya. Programu za simu zinazofundisha lugha kwa sauti sasa ni nyingi, na matangazo yake huahidi kwamba mtu atajifunza huku anapika, anatembea au anasinzia kwenye foleni, kana kwamba lugha ni udi, ukikaa karibu nao utanukia. Anayezitumia hivyo atavunjika moyo mapema. Anayejua zinavyofanya kazi, na zinapoishia, atapata kitu ambacho darasa la watu sitini haliwezi kumpa: nafasi ya kusema, kukosea na kusema tena, mara mia kwa siku, bila mtu kumcheka.

Kufundisha lugha kwa sauti iliyorekodiwa si jambo la jana wala juzi. Mwaka 1901 Jacques Roston alianzisha Linguaphone jijini London, na masomo ya mwanzo yalirekodiwa kwenye silinda za nta. Zikaja santuri, zikaja kanda, zikaja CD, na sasa simu. Chombo kilibadilika mara nyingi, lakini kwa miaka mingi mwanafunzi aliachiwa kazi ileile ya kusikiliza na kufuatisha: sauti inasema, nawe unasema vilevile. Kasuku anaiweza kazi hiyo. Aliyegeuza mambo ni Paul Pimsleur, profesa wa Marekani aliyefundisha Kifaransa na kuchunguza kwa nini baadhi ya wanafunzi hushindwa lugha. Kozi yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1963, ilikuwa ya Kigiriki. Pimsleur alitaka mwanafunzi ajibu kabla hajasikia jibu. Ukifuatisha, sauti bado inalia sikioni, na kinachofanya kazi ni ulimi tu. Ukijibu, inakubidi uingie ghalani mwenyewe ukatafute. Mwenye kuingia ghalani mara kwa mara hata gizani huijua njia.

Nyuma ya wazo hilo kulikuwa na kazi ya mtu mwingine, Mjerumani Hermann Ebbinghaus, ambaye mwaka 1885 alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha ndefu za silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima ni kiasi gani kilichobaki baada ya dakika, saa na siku kadhaa. Aliona kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, halafu kasi inapungua. Na kila tunaporudia jambo kabla halijapotea kabisa, safari inayofuata linakaa muda mrefu zaidi. Mwaka 1967 Pimsleur aliligeuza hilo kuwa ratiba. Neno jipya liulizwe tena baada ya sekunde 5, kisha sekunde 25, dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1, siku 5, siku 25, miezi 4, na mwisho miaka 2. Ukizitazama namba hizo utaona takriban kila moja inazidi iliyotangulia mara tano. Zilikuwa makadirio yake. Tafiti za baadaye zimethibitisha kwamba kuachanisha marudio kuna faida kubwa, ila hazikuthibitisha kwamba hesabu hiyo ndiyo hasa. Hata hivyo wazo limeshika, na leo simu inaweza kumtunzia kila mtu ratiba yake bila yeye kushika kalamu. Mwalimu mwenye madarasa manne kwa siku hawezi kukumbuka kwamba mtoto wa safu ya tatu anatakiwa kuulizwa neno fulani leo alasiri.

Ushahidi mwingine ulikuja mwaka 2006, pale Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walipowapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Wengine walivisoma tena na tena. Wengine walivisoma, wakafunika, wakajaribu kuandika wanachokikumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka waliwapita wenzao kwa mbali. Jambo hili linapaswa kutushughulisha sisi tuliopita shule ambazo Kiingereza au Kifaransa kilifundishwa kwa kunakili kutoka ubaoni. Mtu anaweza kujaza nafasi zilizoachwa wazi kwa usahihi miaka saba, na mgeni akimuuliza njia ya kwenda stesheni akababaika. Maneno anayo, ila hajawahi kudaiwa ayatoe kwa mdomo ndani ya sekunde tano. Kuyatambua maneno kwenye karatasi na kuyatoa kinywani ni stadi mbili, na sisi tulifanyishwa mazoezi ya moja.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna sababu nyingine ya kuanza na sikio, nayo inatokana na neema ya lugha yetu wenyewe. Maandishi ya Kiswahili hayadanganyi. Kinachoandikwa ndicho kinachosomwa, na mtoto akishajua silabi zake anaweza kusoma gazeti zima hata kama haelewi yaliyomo. Neema hiyo hutujengea imani kubwa kwa herufi, na imani hiyo tunaondoka nayo kwenda ugenini. Mfaransa anaandika beaucoup, herufi nane, na anachotamka ni kama boku, sauti nne tu. Aliyeliona neno hilo kitabuni kabla ya kulisikia atapigana na zile herufi nane miaka mingi. Wala si sisi peke yetu. Mtafiti Bene Bassetti ameonyesha kwamba Waitalia wanaojua Kiingereza huivuta zaidi konsonanti ya katikati katika neno kitty kuliko katika city, kwa sababu tu wameiona imeandikwa mara mbili, na katika Kiitalia herufi mbili huvutwa. Kwenye Kiingereza kuvuta huko hakupo. Jicho limelifundisha sikio uongo, na sikio limeamini. Programu ya sauti inayomnyima mwanafunzi maandishi kwa masomo ya mwanzo inaudhi, najua, hasa kwa mtu aliyezoea daftari, lakini inamlinda na kosa ambalo kulitoa baadaye ni kazi kubwa.

Wazee wetu walichukua lugha za watu kwa sikio, na alama zake ziko vinywani mwetu kila siku. Wajerumani walipotawala Tanganyika, Schule ikawa shule, na Heller, sarafu yao ndogo, ikawa hela. Meli ya kivita ya Mwingereza, man-of-war, ikawa manowari. Kitabu cha Mwarabu kilipopokelewa, sikio la Kiswahili likasikia ki- ya ngeli, likatoa wingi: vitabu. Tazama uzuri wa kazi hiyo, lakini tazama pia inatuambia nini. Sikio halipokei sauti ngeni ikiwa tupu; huivisha nguo za nyumbani kwanza. Silabi zetu hupenda kuishia kwa irabu, basi konsonanti zinazobanana tunazitia irabu katikati ili zipumue. Ndiyo maana neno letu la basini, Entschuldigung, kwa mara ya kwanza hutoka kama entishuldigungu. Masomo mazuri ya sauti yana mbinu ya kulishughulikia hili, nayo ni kulijenga neno kuanzia mkiani. Mwanafunzi anasikia gung, anasema gung. Anasikia digung, anasema. Kisha schuldigung. Kisha neno zima. Kila hatua inaanza na kipande kigeni na kuishia kwenye kipande kilichokwisha kuzoeleka, kwa hiyo ulimi unateremka kuelekea nyumbani badala ya kupanda mlima. Kiimbo cha mwisho wa neno nacho kinabaki mahali pake tangu mwanzo. Pale n, t na sh zinapokutana bila irabu kati yao, mwanafunzi amekwisha kupata nguvu ya kuzivuka.

Na sikio hufundishika, kwa sababu hata ndani ya Kiswahili tumelifundisha mambo magumu bila kujua. Tukitia mkazo mahali pa kawaida, barabara ni njia ya magari. Tukiurudisha nyuma kwenye silabi ya pili, barabara ni sawasawa kabisa. Herufi ni zilezile, na hakuna mzawa anayechanganya. Katika lahaja za pwani, paa la nyumba na paa wa porini hawatamkwi sawa: yule mnyama hutoka na pumzi baada ya p, lile la nyumba halina pumzi. Ndivyo ilivyo kwa tembo la mnazi na tembo mwenye mkonga. Msemaji wa Mombasa au Lamu anayeamua kujifunza Kikorea, lugha yenye p za aina tatu, anakuta nusu ya kazi imeshafanywa na bibi yake. Wa bara asikate tamaa, ila ajue kwamba tofauti hiyo haiko kwenye herufi za lugha yake, na hataipata kwa kusoma. Ataipata kwa kusikia, kujibu, na kusikia tena.

Sasa zije hoja za upande wa pili, maana zipo na nyingine zina uzito. Ya kwanza husema: mtoto hujifunza lugha kwa kusikiliza tu, hakuna anayemuuliza maswali wala kumpimia sekunde, kwa nini mtu mzima asiiache sauti icheze tu masikioni? Hoja hii imepimwa. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake huko Marekani waliwakutanisha watoto wa miezi tisa, ambao nyumbani walisikia Kiingereza, na lugha ya Kichina kwa vikao 12. Kundi moja lilichezewa na kusomewa vitabu na Wachina wenyewe, ana kwa ana. Wengine walipata Kichina hichohicho kwa video, na wengine kwa sauti peke yake. Waliokaa na watu waliweza baadaye kutofautisha sauti za Kichina kama watoto wa Taiwan. Wa video na wa sauti hawakupata chochote kilichopimika. Hata mtoto mchanga, ambaye tunamdhania sifongo, anahitaji mtu wa kumwitikia. Kwa watoto wakubwa zaidi tuna ushahidi wa Kanada, ambako wanafunzi waliosomeshwa masomo mengi kwa Kifaransa kwa miaka mingi walifika mahali pa kukielewa karibu kama wazawa, huku wakiendelea kukisema kwa makosa ya msingi. Mwaka 1985 Merrill Swain alitoa maelezo ambayo kwangu yanatosha: walisikia sana, walidaiwa kusema kidogo. Programu inayosema bila kunyamaza haina tofauti na redio ya jikoni. Inaburudisha, na huenda ikamzoesha mtu mdundo wa lugha, ila haimtoi neno kinywani.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Programu inauliza, mwanafunzi anajibu, lakini nani anamsikiliza? Akisema kombo, sauti itaendelea na swali linalofuata kwa upole uleule. Hapa sina haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi, kwa sababu pwani yetu ina mfumo wa kufundisha kwa sauti uliokuwapo karne nyingi kabla ya umeme. Mtoto chuoni hupokea Kurani kinywani mwa mwalimu, na mwalimu humpokea yeye kwa sikio. Mtoto akitoa ha nyepesi pahali pa ile itokayo katikati ya koo, anasimamishwa hapohapo, anarudishwa, anaonyeshwa mahali sauti inapozaliwa. Mwaka 1961 qari, yaani msomaji wa Kurani, wa Misri, Mahmoud Khalil al-Husary, alikamilisha kurekodi Kurani yote, na tangu hapo visomo vya maqari wakubwa vimeenea kwa santuri, kanda, redio na simu. Ingekuwa sauti safi inatosha, waalimu wangekwisha. Hawakwisha. Kanda ilikuja kumsaidia mtoto kurudia usiku. Asubuhi aliendelea kwenda kusikilizwa. Mfumo huohuo unatuonyesha pia mpaka mwingine: hafidhi, aliyeihifadhi Kurani moyoni, anaweza kusoma kwa matamshi yasiyo na dosari na bado asiweze kununua mkate Cairo, kwa kuwa hifadhi yake ilikusudiwa ibada, haikukusudiwa mazungumzo. Sikio na ulimi hufika mbali sana, lakini maana ina njia yake.

Watengenezaji wa programu hujibu kwamba simu sasa inasikiliza na kutoa alama. Inasikiliza, kweli, ila tuitazame vizuri. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walipima mifumo ya kampuni tano kubwa za teknolojia inayogeuza sauti kuwa maandishi. Wamarekani weupe walipozungumza, mifumo ilikosea kwa wastani wa maneno 19 katika kila 100. Wamarekani weusi walipozungumza Kiingereza chao cha kuzaliwa, makosa yalifika 35. Ikiwa mzawa wa lugha hasikiki vizuri kwa sababu lafudhi yake haikuwamo katika mafunzo ya mashine, mtu wa Kisumu au Bujumbura asishangae akiambiwa amekosea pale alipopatia. Na kinyume chake kipo: mashine iliyoundwa ili ikuelewe inaweza kuipitisha entishuldigungu yako bila kukuambia kitu. Alama za simu zichukuliwe kama maoni ya mpita njia, zisichukuliwe kama hukumu ya mwalimu. Njia ya bei nafuu ni kujirekodi kwa simu ileile, kisha kusikiliza sauti yako na ya mzawa moja baada ya nyingine. Watu wengi hawapendi kusikia sauti zao, lakini sikio lililokwisha kuzoea somo hukamata kosa ambalo ulimi haukulijua.

Kuna kasoro nyingine ambayo husemwa mara chache. Masomo mengi ya sauti hutumia wasemaji wawili, mwanamume na mwanamke, studioni, taratibu na safi. Wajapani hupata shida kubwa kutofautisha r na l za Kiingereza, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 David Pisoni na wenzake waliwafundisha kwa kuwasikilizisha maneno yaliyosemwa na watu mbalimbali badala ya mmoja. Waliendelea, na maendeleo yao yakavuka hadi kwa sauti ambazo hawajawahi kuzisikia. Sisi wa nchi ambamo kuna makabila yanayobadilishana r na l tunapaswa kulisikia jibu hilo kwa makini. Aliyejifunza Kifaransa kwa sauti mbili za studio atashangaa akitua Lubumbashi au Marseille. Hapo ndipo redio, habari na tamthilia za lugha husika zinapopata kazi yake halali, kama nyongeza juu ya somo linalodai jibu.

Tufanye hesabu sasa, maana hapa ndipo watu wanapoumia mfukoni. Mnamo Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi, na tangu hapo hamu ya Kijerumani imepanda, hasa kwa wauguzi. Muuguzi anayetaka taaluma yake itambuliwe kule hudaiwa kwa kawaida kiwango cha B2, ngazi ya nne katika ngazi sita za Ulaya. Goethe-Institut hukadiria kwamba kufika huko kunahitaji vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45, yaani saa 450 kwa uchache. Kozi nzima ya Kijerumani ya Pimsleur, ngazi zake zote tano, ina masomo 150 ya nusu saa: saa 75. Hata ukiyapitia yote mara mbili, utakuwa na saa 150, theluthi moja tu ya zile 450 za uchache. Tena mtihani una kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na programu ya sauti haigusi barua wala fomu ya hospitali. Msamiati nao hauna njia ya mkato. Paul Nation amekadiria kwamba kufuata mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza bila kupotea kunadai familia za maneno 6,000 hadi 7,000, na hakuna kozi ya masikio inayokaribia hapo. Kwa hiyo anayeuza programu kwa ahadi ya kumpeleka muuguzi kazini ndani ya miezi mitatu anamdanganya. Lakini mwenye kuzitumia zile saa 75 kabla ya kulipa ada ya darasa anaingia darasani akiwa na matamshi yaliyonyooka na mdomo usioogopa, na mwalimu wake hatapoteza mwezi wa kwanza kwa kuwabembeleza wanafunzi waseme. Gharama ya bando isiwe kikwazo: somo la nusu saa, likibanwa kwa kiwango cha kawaida cha mazungumzo, huchukua kama MB 14, na likishapakuliwa halidai tena intaneti.

Lililo gumu zaidi kwetu ni jingine, na kwalo ninalia kwa dhati. Programu nyingi za aina hii humfundisha mtu lugha ngeni kwa kupitia Kiingereza. Ile sauti inayouliza, inauliza kwa Kiingereza. Dada anayetoka Tanga kwenda kufanya kazi za nyumbani Jeddah, ambaye Kiingereza chake ni cha darasa la saba, analazimika kuvuka mito miwili ili afike ng'ambo moja. Katika zile sekunde tano za ukimya, tatu zinaishia kwenye kulielewa swali. Na zaidi ya uzito huo, maelezo yenyewe yamekatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Kozi iliyotungwa kwa Mmarekani hutumia muda mwingi kumzoesha kwamba jina la kitu lina jinsi na kwamba kivumishi hukifuata. Kwa mtu anayesema kitabu changu kizuri kimepotea, ambaye ki- inamkimbilia sentensi nzima bila kufikiri, jinsi tatu za Kijerumani zingeweza kuelezwa kwa dakika mbili: hizi ni ngeli, ni chache kuliko zetu, ubaya wake hazionekani kwenye kichwa cha neno, basi zihifadhi pamoja na neno.

Kwa Kiarabu hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu tayari kimo ndani ya nyumba. Msikilizaji wa Kiswahili anajua kitabu, katibu na maktaba tangu utotoni, lakini huenda hajawahi kuambiwa kwamba maneno hayo matatu ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba k, t na b ndiyo damu yao. Mwambie hivyo katika somo la kwanza, na mlango wa lugha nzima umefunguka, maana sehemu kubwa ya Kiarabu imejengwa kwa mizizi ya namna hiyo. Mwonyeshe kwamba aktubu ni naandika, na a ya mwanzo inafanya kazi ya ni- yetu, atashika. Kozi inayopitia Kiingereza haina njia ya kumpa urithi huo. Vilevile kozi iliyotungwa kwa Kiswahili ingeamua mapema ifundishe Kiarabu gani. Kile cha vitabuni husema madha turid kwa unataka nini. Huko Jeddah dada yetu ataulizwa esh tabghi. Kozi za Pimsleur zinatofautisha Kiarabu cha kitabu, cha Misri na cha Mashariki, yaani cha upande wa Shamu, na mwenye safari asipoangalia jina la kozi atajikuta amejifunza lugha ya mji asioufikia. Lahaja kama hizi haziandikwi sana. Ni sauti tupu, na kwa sababu hiyo hasa zingefaa kufundishwa kwa sauti.

Mtu atasema soko ni dogo, kampuni hazitaona faida kutunga kozi zinazofundisha kwa Kiswahili. Huenda ni kweli kwa kampuni, lakini si lazima iwe kampuni. Language Transfer, mradi wa Mihalis Eleftheriou, hutoa bure kozi za sauti za lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo kwa wasemaji wa Kiingereza, na kila mara humwambia msikilizaji asimamishe sauti, afikiri, aseme, ndipo aendelee. Ulianza kama kazi ya mtu mmoja na kinasa sauti, unaendeshwa kwa michango. Huko nyuma, mwaka 1963, taasisi ya mafunzo ya wanadiplomasia wa Marekani ilitoa kozi ya Kiswahili chini ya Earl Stevick, na kanda zake zimewafundisha wageni lugha yetu kwa zaidi ya miaka sitini. Kozi za taasisi hiyo, pamoja na za Kifaransa na Kijerumani, leo ni mali ya umma na zinapatikana bila malipo. Wageni wamejitengenezea daraja la kuja kwetu. La kutoka kwetu kwenda kwao ni adimu, ilhali vifaa vyake ni vya kawaida: chumba tulivu chenye magodoro ukutani, wazawa kadhaa wa lugha inayofundishwa wenye sauti tofauti tofauti, mwalimu wa Kiswahili anayejua ulimi wetu hukwama wapi, orodha ya sentensi mia chache za hospitali, jikoni, dukani na uwanja wa ndege, na mtu wa kushika saa ili kila baada ya swali wote wanyamaze.